Kwa nini grafu ya hewa ya Louisiana inashuka huku watu wa Reserve wakivuta sumu

Kuhusu hewa ya jimbo la Louisiana, kusini mwa Marekani, kuna kauli mbili zinazogongana. Ya kwanza inasema hewa ya jimbo hilo ni safi kuliko ilivyokuwa miaka hamsini iliyopita. Ya pili inasema ndani ya jimbo hilohilo kuna mitaa ambako kuvuta pumzi tu kunakuweka kwenye hatari ya saratani mara kadhaa kuliko Mmarekani wa kawaida. Wenye viwanda wanashikilia ya kwanza, wakazi wa kando ya mto Mississippi, kama wale wa mji wa Reserve, wanashikilia ya pili, na kila upande ukienda mahakamani au kwa waandishi wa habari unabeba takwimu za serikali ileile.

Kauli zote mbili ni za kweli, na hapo ndipo watu wengi wanapochanganyikiwa. Anayesema hewa imesafika na anayesema watu wanavuta sumu wanapima vitu tofauti, katika sehemu tofauti, kwa mizani tofauti. Tusipozitenganisha hizo mizani, mwenye sauti kubwa ndiye atakayeaminiwa, na kando ya Mississippi mwenye sauti kubwa hajawahi kuwa mwanakijiji.

Kati ya Baton Rouge, mji mkuu wa jimbo, na New Orleans, mto Mississippi unapita kwa takriban kilomita 137. Kwenye kingo zake vimesongamana viwanda karibu 150 vya kusafisha mafuta na kutengeneza kemikali: plastiki, mbolea, klorini, mpira usiotokana na mti. Sehemu hiyo watu wameibatiza Uchochoro wa Saratani, jina lililoanza kusikika tangu miaka ya 1980.

Viwanda havikwenda pale kwa bahati. Mto una kina cha kuingiza meli za baharini hadi Baton Rouge, ambako kampuni ya Standard Oil ilifungua kiwanda cha kusafisha mafuta mwaka 1909. Mafuta na gesi vinachimbwa jirani, bara na kwenye Ghuba ya Meksiko. Tangu 1936 jimbo lina mpango wa kuwasamehe wenye viwanda kodi ya mali. Na ardhi ilikuwa tayari imekatwa vipande vikubwa vyenye mmiliki mmoja mmoja, kwa sababu ilikuwa mashamba ya miwa yaliyolimwa na watumwa. Utumwa ulipokoma mwaka 1865, walioachwa huru walijenga vijiji vyao pembezoni mwa mashamba hayohayo. Karne moja baadaye shamba likauzwa kwa kampuni ya kemikali, na kijiji kikajikuta kimepakana na uzio wa kiwanda. Kwa hiyo ramani ya viwanda na ramani ya makazi ya Wamarekani Weusi zinafuatana pale kwa sababu za kihistoria zinazoeleweka. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Tulane walichapisha mwaka 2023 uchunguzi unaoonyesha kwamba jamii za Louisiana zisizo za Wazungu zinapokea moshi wa viwandani mara 7 hadi 21 zaidi ya jamii za Wazungu.

Makundi mawili ya uchafu, sheria mbili

Sheria ya Hewa Safi ya Marekani ya mwaka 1970, pamoja na marekebisho yake, inagawa uchafu wa hewa katika makundi mawili makubwa. Mtu asiyejua mgawanyo huu hawezi kusoma takwimu yoyote ya hewa ya nchi hiyo akaielewa.

Kundi la kwanza lina vitu sita tu: ozoni ya karibu na ardhi, chembechembe za vumbi na moshi, risasi, kaboni monoksaidi, dioksidi ya salfa na dioksidi ya naitrojeni. Hivi vinatoka kila mahali, kwenye magari, mitambo ya umeme, viwanda na moto wa misitu. Kwa kila kimoja serikali kuu imeweka kiwango ambacho hewa ya mahali popote haipaswi kukipita. Kuna vituo vya kupima, na eneo likivuka kiwango linatangazwa hadharani na kulazimika kuandika mpango wa kujirekebisha.

Katika kundi hili mafanikio ni makubwa. Kwa nchi nzima, utoaji wa vitu hivyo sita ukijumlishwa ulishuka kwa asilimia 78 kati ya 1970 na 2020, huku uchumi ukikua mara kadhaa. Baton Rouge, iliyohangaika na ozoni kwa miongo mingi, ilifikia kiwango cha ozoni cha mwaka 2008 na kutambuliwa rasmi mwishoni mwa 2016. Chembechembe ndogo kabisa, zile zinazopenya hadi ndani ya mapafu na kuingia kwenye damu, zimewekewa masharti makali zaidi kila baada ya muda: wastani wa mwaka ulioruhusiwa ulikuwa mikrogramu 15 kwa mita ya ujazo mwaka 1997, ukawa 12 mwaka 2012, ukashushwa hadi 9 mwaka 2024. Shirika la Afya Duniani linapendekeza 5. Mtu anayedharau mafanikio haya kwa sababu tu yanatajwa na wenye viwanda anakosea. Maelfu ya watu wako hai leo kwa sababu ya grafu hiyo kushuka.

Kundi la pili ndilo lenye mgogoro. Mwaka 1990 Bunge la Marekani liliorodhesha kemikali 189 likaziita sumu za hewani: benzini, kloridi ya vinili, formaldehaidi, oksidi ya ethilini, kloroprini na nyinginezo. Nyingi kati yake zinasababisha saratani au zinashukiwa. Kwa hizi serikali kuu haina kiwango cha lazima cha hewa inayovutwa mtaani. Sheria inatazama mtambo: bomba hili lifungwe kifaa fulani, valvu zile zikaguliwe kila baada ya muda fulani, gesi ile ichomwe badala ya kuachiwa. Baada ya miaka 8 Shirika la Kulinda Mazingira la Marekani, EPA, linapaswa kurudi na kutazama hatari iliyobaki, lakini mara nyingi limechelewa mpaka likaburutwa mahakamani.

Matokeo yake, kiwanda kinaweza kutimiza kila sharti la kibali chake, na viwanda vingine kumi vya jirani vikatimiza ya kwao, halafu mtu anayeishi katikati yao akavuta mchanganyiko ambao hakuna kibali hata kimoja kilichouzingatia. Kila bomba linahesabiwa peke yake, ila pua ya mtu ni moja. Ofisa akisema hewa ya wilaya fulani inakidhi viwango vya serikali, anazungumzia vile vitu sita. Kuhusu kloroprini au oksidi ya ethilini hajasema chochote, na msikilizaji hana namna ya kulijua hilo.

Daftari lililotokana na Bhopal

Basi tunajuaje ni sumu kiasi gani inatoka viwandani? Jibu linaanzia India. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Desemba 1984, kiwanda cha dawa za kuulia wadudu cha Union Carbide mjini Bhopal kiliachia gesi iliyoua maelfu ya watu waliokuwa wamelala. Agosti 1985 kiwanda cha kampuni hiyohiyo kule Institute, West Virginia, nacho kikavuja na kuwapeleka watu zaidi ya mia hospitali. Wamarekani wakashtuka kugundua kwamba hakuna aliyekuwa akijua nini kimehifadhiwa kwenye matangi ya jirani yao. Mwaka 1986 Bunge likapitisha sheria ya haki ya wananchi kujua, na kuanzia takwimu za 1987 kila kiwanda chenye wafanyakazi 10 au zaidi, kinachotengeneza au kusindika zaidi ya pauni 75,000 za kemikali iliyotajwa kwa mwaka, kiwango kilichoshushwa hadi pauni 25,000, sawa na tani 11 hivi, kuanzia takwimu za 1989, kikatakiwa kutangaza kimetoa kiasi gani hewani, majini na ardhini. Daftari hilo leo lina karibu kemikali 800, na mtu yeyote popote duniani anaweza kulifungua bure.

Kwa maoni yangu hii ni mojawapo ya sheria bora za mazingira kuwahi kuandikwa. Haikumlazimisha mtu yeyote kupunguza hata kilo moja. Ilimlazimisha tu kusema. Aibu ikafanya kazi kubwa: mara daftari la kwanza lilipochapishwa, kampuni kadhaa zilikimbilia kuahidi kupunguza, na kweli zikapunguza. Louisiana, iliyokuwa na bado ina nafasi ya juu kwenye orodha hiyo, ilishuka sana katika miaka ya 1990.

Ila daftari linahitaji msomaji makini, kwa kuwa linaorodhesha uzito. Pauni ya amonia na pauni ya oksidi ya ethilini zinaandikwa sawa. Ni kama kupima vitu vya jikoni kwa kilo bila kujali kipi ni unga na kipi ni pilipili.

Chukua Donaldsonville, kando ya mto huohuo. Pale kuna kiwanda cha mbolea ambacho ni kati ya vikubwa zaidi duniani kwa kutengeneza amonia. Amonia inakera macho na koo, ikiwa nyingi inaua, na inachangia kuundwa kwa chembechembe hewani. Haijulikani kusababisha saratani. Kiwanda cha aina hiyo kinapoongeza au kupunguza uzalishaji, jumla ya jimbo zima inapanda au kushuka nacho, maana amonia ni nzito kwenye hesabu.

Sasa tazama oksidi ya ethilini, gesi inayotumika kutengeneza polista na kemikali za kuzuia maji ya injini yasigande, na pia kuua vijidudu kwenye vifaa vya hospitali. Mwaka 2016 EPA ilimaliza kuipitia upya na kukuta ina nguvu ya kusababisha saratani mara 30 kwa mtu mzima kuliko ilivyodhaniwa, na mara 60 ukihesabu mtu anayeivuta tangu utotoni. Kwa kipimo kilekile hewani, ni hatari mamia ya mara kuliko benzini, ambayo yenyewe inajulikana kuleta saratani ya damu. Tuseme kiwanda kimoja kimepunguza tani 500 za amonia, na kingine kikaongeza tani 2 za oksidi ya ethilini. Jumla ya jimbo itaonyesha kushuka kwa tani 498, na gavana atakuwa na haki ya kulisema hilo jukwaani, wakati hatari ya saratani kwa wakazi wa jirani imepanda.

Ndiyo sababu EPA ina hesabu nyingine inayozidisha uzito wa kila kemikali kwa ukali wake, kisha ikaangalia watu wangapi wanaishi upande upepo unakoelekea. Ukiitumia hiyo, orodha ya viwanda vibaya inapanguka: vile vikubwa vya amonia vinateremka, na vidogo usivyowahi kuvisikia vinapanda juu. Kila unapoona kichwa cha habari kinachosema sumu za viwandani zimepungua kwa asilimia kadhaa, uliza kwanza: ni kwa uzito, au kwa ukali?

Kukadiria si kupima

Tatizo la pili la daftari ni kubwa zaidi. Tarakimu nyingi zilizomo hazikupimwa na mtu. Kiwanda kinachukua idadi ya valvu zake, viungo vya mabomba, pampu na matangi, kinazidisha kwa kigezo cha wastani cha uvujaji kilichoandikwa kwenye mwongozo, kinapata jumla, kinaituma. Hesabu hizo zinadhani vifaa vinafanya kazi inavyotakiwa. Valvu iliyochakaa na kuvuja mara hamsini ya kawaida haina mahali pake kwenye fomula.

Februari 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walipakia mashine za kupima gesi kwenye gari, wakazunguka kwenye barabara za umma za ukanda huo wa viwanda. Mashine zao zilikuwa na uwezo wa kunasa oksidi ya ethilini papo hapo, kwa vipimo vya sehemu chache kati ya trilioni. Hapa inabidi tusimame kwenye namba. EPA huchukulia kwamba hatari ya saratani inayovuka mtu 1 kati ya 10,000, kwa maisha yote ya kuvuta hewa hiyo, imepita mpaka wa kukubalika. Kwa oksidi ya ethilini mpaka huo unafikiwa kwenye sehemu 11 kati ya trilioni. Wastani walioupata Johns Hopkins kwenye ukanda mzima ulikuwa sehemu 31. Karibu na baadhi ya viwanda vipimo vilipaa mara maelfu kwa muda mfupi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2024, na ukiyalinganisha na makadirio ya EPA, yaliyojengwa juu ya taarifa za kampuni zenyewe, hewa halisi ilikuwa mbaya zaidi kwa kiasi kikubwa.

Kwangu hiki ndicho kiini cha jambo zima. Kwa miaka zaidi ya thelathini watu wa Louisiana walikuwa wakionyeshwa mwelekeo unaoshuka, na sehemu ya mwelekeo huo ilikuwa hesabu za karatasini. Kiwanda kikibadili kigezo cha kukadiria, grafu inashuka bila hata skrubu moja kukazwa. Sisemi kushuka kote ni kwa namna hiyo, kwa sababu vifaa vingi vimefungwa kweli na moshi mwingi umepungua kweli. Nasema kwamba grafu peke yake haiwezi kukuambia sehemu ipi ni ipi mpaka mtu aende na mashine akapime.

Reserve

Mahali ambapo mtu alikwenda akapima ni Reserve, mji mdogo katika wilaya ya St. John the Baptist. Louisiana huziita wilaya zake parokia. Kiwanda kilichoko pale kilikuwa kikitumia kloroprini kutengeneza neoprini, ule mpira wa nguo za wapiga mbizi, mikanda ya mashine na mabomba ya magari. Kampuni ya DuPont ilianza kazi hiyo pale mwaka 1969, na mwishoni mwa 2015 ikakiuza kiwanda kwa kampuni ya Denka ya Japani. Kilikuwa kiwanda pekee cha neoprini Marekani nzima.

Mwaka 2010 EPA ilitangaza kwamba kloroprini ina uwezekano wa kusababisha saratani kwa binadamu. Desemba 2015 ikatoa ramani ya nchi ya hatari za sumu za hewani, na eneo dogo la sensa linalopakana na kiwanda hicho likatokea kuwa na hatari kubwa kuliko yote Marekani. Makadirio yaliyofuata yalisema ni karibu mara 50 ya wastani wa nchi. Wakazi walikuwa wameishi na kiwanda kwa karibu miaka hamsini. Walijua harufu, walijua majirani waliokufa, lakini tarakimu hiyo ndiyo mara yao ya kwanza kuiona.

Mei 2016 EPA ikaweka vipima hewa sita kuzunguka kiwanda, kimojawapo kwenye shule ya msingi ya Fifth Ward, isiyofika hata nusu maili kutoka kiwandani. Kipimo ambacho EPA iliona kisipitwe kwa mtu anayevuta hewa hiyo maisha yake yote ni mikrogramu 0.2 kwa mita ya ujazo. Siku nyingine vipima hivyo vilisoma zaidi ya mara mia ya hapo. Denka ilipinga ukali wa kipimo hicho, ikaomba mara mbili EPA ikirekebishe, ikakataliwa. Hata hivyo mwaka 2017 ilikubaliana na jimbo kupunguza kloroprini kwa asilimia 85, ikafunga mitambo ya mamilioni ya dola, na hewa ya Reserve ikawa nafuu sana kuliko mwanzo, lakini bado juu ya 0.2.

Hapo unaona kwa nini wastani wa jimbo haumsaidii mtu wa Reserve. Kloroprini karibu yote ya nchi nzima ilikuwa ikitoka kwenye eneo moja. Ukiigawa kwa watu milioni nne na nusu wa Louisiana, inapotea kabisa kwenye jedwali. Wakati huohuo, mtoto wa Fifth Ward alikuwa akiivuta uwanjani saa ya mapumziko.

Wastani wa mwaka nao una namna yake ya kuficha. Viwanda vya kemikali haviachii sumu kwa kiwango kimoja kila siku. Vinapowashwa, vinapozimwa, umeme unapokatika, gesi yote iliyo ndani ya mitambo inapelekwa kwenye minara ya kuchomea, na mwali unaonekana kutoka mbali usiku. Kila kimbunga kikubwa kinakuja na siku kama hizo. Agosti 2020, baada ya kimbunga Laura kupiga upande wa Lake Charles, kiwanda cha kemikali za mabwawa ya kuogelea kilishika moto na kufukiza klorini, wakazi wakaamriwa wajifungie ndani na wazime viyoyozi, wengi wao nyumba zikiwa tayari zimeezuliwa na upepo. Kwenye takwimu za mwaka, siku hiyo ni moja kati ya 366.

Lakini wagonjwa wako wapi?

Hili ndilo swali ambalo watetezi wa viwanda huliuliza, na linastahili jibu. Sajili ya saratani ya Louisiana ni nzuri na inaheshimika, na kwa miaka mingi takwimu zake za wilaya zilionyesha kwamba wilaya nyingi za kando ya mto hazina saratani kuliko wastani wa jimbo. Wenye viwanda huinukuu kila kikao.

Kwanza, wastani wa Louisiana wenyewe uko juu kuliko wa Marekani, hivyo kulingana nao si sifa. Pili, wilaya ni kubwa. Wanaoishi mita mia tano kutoka kwenye uzio na wanaoishi kilomita ishirini wanachanganywa kwenye kapu moja. Mwaka 2017 jimbo lilipitisha sheria inayoitaka sajili itoe takwimu za maeneo madogo ya sensa, lakini ukishafika ngazi hiyo watu wanakuwa wachache mno: kwenye mtaa wa watu elfu mbili, wagonjwa wanne zaidi ya matarajio wanaweza kuwa ni sumu na wanaweza kuwa ni bahati mbaya tu, na mwanatakwimu mwaminifu hawezi kukuhakikishia. Ongeza kwamba saratani huchukua miaka kumi, ishirini, hata zaidi kujitokeza, na mgonjwa husajiliwa anakoishi siku anapopimwa. Binti aliyekulia Reserve akahamia Houston akaugua huko, anahesabiwa Texas. Mwaka 2022 watafiti wa Tulane waliotazama jimbo zima, mtaa kwa mtaa, walikuta kwamba sumu nyingi hewani zinaambatana na saratani zaidi katika mitaa ya watu maskini au ya Weusi, ingawa hawakuuona uhusiano huo kwenye mitaa yenye uwezo.

Wasomaji wa Kenya wataikumbuka Owino Uhuru, Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilisambaza risasi. Pale ushahidi ulikuwa kwenye damu: mtoto anachomwa sindano, maabara inasoma risasi, wakili anabeba karatasi mahakamani, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikarudisha fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Kloroprini haikai mwilini ikisubiri kupimwa. Inapita, na kama imeharibu kitu, uvimbe wa miaka ishirini baadaye hauna alama ya kiwanda ulikotoka. Ndiyo maana wataalamu hukadiria hatari kutokana na hewa badala ya kungoja kuhesabu maiti. Anayedai kwanza aonyeshwe wagonjwa wa kutosha anadai kitu ambacho, kwa jamii ndogo, hakiwezi kupatikana mpaka muda umekwisha.

Ndoo

Wakazi hawakukaa wakisubiri. Kule Norco, mtaa wa Weusi uitwao Diamond ulikuwa na barabara nne tu, umebanwa kati ya kiwanda cha kemikali na kiwanda cha kusafisha mafuta, vyote vya Shell. Miaka ya 1990 wakazi walijifunza kutumia ndoo. Ni ndoo ya plastiki ya kawaida ya lita ishirini hivi, yenye mfuniko unaofunga kabisa. Ndani yake unaning'inizwa mfuko maalumu usioingiliana na kemikali, wenye mrija unaotokeza nje. Pampu ndogo inafyonza hewa iliyo ndani ya ndoo, na kwa kuwa ndani kumebaki utupu, hewa ya nje inaingia kupitia mrija na kuujaza mfuko. Dakika chache, mfuko unafungwa, unatumwa maabara. Harufu ikija saa nane usiku, mama aliye nyumbani anainasa saa nane usiku, wakati kituo cha serikali kiko mbali na kinapima kwa ratiba yake. Mwalimu Margie Richard aliwaongoza majirani zake kwa ushahidi wa aina hiyo mpaka mwaka 2002 Shell ikakubali kuzinunua nyumba za mtaa mzima ili watu wahame. Mwaka 2004 alipewa Tuzo ya Goldman ya mazingira. Mwaka 2021 tuzo hiyohiyo ikaenda kwa Sharon Lavigne, mwalimu mwingine, wa wilaya ya St. James, aliyeongoza kuzuia kiwanda cha plastiki cha dola bilioni 1.25.

Jimbo nalo likajibu. Mwaka 2024 Louisiana ilitunga sheria inayoweka masharti makali juu ya namna vikundi vya jamii vinavyoweza kutumia na kutangaza vipimo vya hewa, kwa hoja kwamba vifaa vya bei nafuu vinapotosha. Mei 2025 vikundi hivyo viliishtaki, vikisema inawanyima haki ya kusema walichokipima. Ni kweli kifaa cha bei nafuu kinaweza kukosea. Dawa yake ni serikali kuweka kizuri pale kilipo cha bei nafuu.

Kwa muda mfupi ilionekana kama hilo linakuja. Februari 2023 serikali kuu iliishtaki Denka kwa kuhatarisha afya ya umma. Aprili 2024 EPA ilitoa kanuni mpya kwa viwanda zaidi ya 200 vya kemikali nchini, ikavitaka vipime kwenye uzio kemikali sita, zikiwemo kloroprini, oksidi ya ethilini na benzini, na kuzitangaza. Kwa mara ya kwanza viwanda vya kemikali vingelazimika kuzipima sumu hizo mpakani mwa kiwanda na majirani badala ya kuzikadiria ofisini. Machi 2025 serikali mpya ya Rais Donald Trump iliifuta kesi ya Denka. Julai 2025 rais akavipa viwanda kadhaa vya kemikali, Denka ikiwemo, ruhusa ya miaka miwili ya kutoifuata kanuni hiyo.

Katikati ya hayo, Mei 2025, Denka ilitangaza kusimamisha uzalishaji wa neoprini kwa muda usiojulikana, ikitaja gharama za kudhibiti kloroprini pamoja na soko kudorora. Takwimu za kloroprini za Louisiana zitashuka kama jiwe kwenye madaftari yajayo, na kuna watakaozionyesha kama ushahidi kwamba utaratibu wa kuviachia viwanda vijihesabie vyenyewe unafanya kazi. Mstari huo utakuwa umeshuka kwa sababu mitambo imezimwa. Ikiwashwa tena kabla ya ile ruhusa ya miaka miwili kuisha, sheria haitamlazimisha mtu kuweka kipima hewa kwenye uzio wa Reserve.